Waandishi Ishirini au Vitabu Vinne? Kozi Mbili za Fasihi ya Kisasa ya Ulimwengu

Weka mihtasari miwili ya kozi ubavu kwa ubavu. Wa kwanza una majina ishirini na ushei: Tagore, Kafka, Lu Xun, Akhmatova, Borges, Achebe, García Márquez, na wengine wanaoteremka hadi ukurasa wa pili. Kila wiki ina mwandishi mpya, pengine wawili. Wa pili una vitabu vinne tu, na kila kitabu kimetengewa wiki tatu. Vichwa vya kozi hizi vinakaribiana, vyote vinataja fasihi ya kisasa ya ulimwengu, na aghalabu uzito wake katika shahada ni uleule. Nafasi iliyobaki kwenye ratiba yako ni moja.

Wengi huchagua kwa kuhesabu majina. Mwenye hamu ya kujua mengi huenda kwenye ishirini, na anayeogopa kusoma hukimbilia vinne. Nami nilihesabu majina nilipokuwa mwaka wa kwanza. Siku hizi mwanafunzi akiniuliza, humwambia ahesabu kitu kingine: ukurasa mmoja atausoma mara ngapi kabla muhula haujaisha? Katika kozi ya kwanza atausoma mara moja, tena kwa mbio. Katika ya pili, mara mbili au tatu. Tofauti nyingine karibu zote, za mitihani, za mijadala, hata za nani atachoka lini, zinaanzia hapo.

Kozi ya mapitio

Kazi ya kozi hii, ile ya majina ishirini, ni kukupa ramani, na ramani si kitu cha kudharau. Chukua miaka sita tu. Mwaka 1913 Tagore wa India alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 1915 ikachapishwa hadithi ya Kafka ya mtu anayeamka asubuhi akiwa mdudu. Mwaka 1918 Lu Xun wa China akatoa hadithi ya mwendawazimu anayeamini kwamba watu wote wanaomzunguka ni walaji wa watu, na jina la hadithi hiyo alilichukua kwa Gogol, Mrusi aliyekuwa ameandika hadithi yenye jina hilohilo mwaka 1835. Ukiwasoma waandishi hawa katika kozi tatu tofauti, kila mmoja anabaki kisiwa. Ukiwasoma katika wiki tatu zinazofuatana, jambo linaanza kujitokeza: Kafka na Lu Xun, ambao hawakuwahi kuonana wala kuigana, kila mmoja alimweka mtu ndani ya nyumba ya familia yake mwenyewe, kisha akaigeuza nyumba hiyo kuwa jela. Mhadhiri hahitaji kukwambia. Unaliona kwa sababu kumbukumbu ya wiki iliyopita bado ni mbichi.

Hilo ndilo jambo ambalo kozi ya vitabu vinne haiwezi kukupa, hata ifundishwe na nani. Ukitoka kwenye mapitio unajua nani alitangulia nani, nani alisomwa wapi, kipi kilitafsiriwa upesi na kipi kilikaa nusu karne bila kuvuka mpaka. Ukikutana baadaye na neno kama uhalisiajabu, yaani mtindo unaosimulia maajabu kana kwamba ni mambo ya kawaida, una mahali pa kulitundika.

Lakini angalia jinsi ramani hiyo inavyochorwa. Kozi nyingi za aina hii husomwa kutoka kwenye antholojia, buku nene la kurasa nyembamba ambalo humeza mashairi na hadithi fupi bila shida, lakini riwaya haiingii mpaka ikatwe. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, karne ya riwaya inasomwa kama karne ya hadithi fupi. La pili ni baya zaidi: riwaya inayoingia huingia kwa sura ya kwanza tu, au kwa vipande. Riwaya ya García Márquez kuhusu ukoo wa Buendía, iliyotoka mwaka 1967, ina mwisho unaorudi nyuma na kuimulika hadithi nzima upya, kwani ni katika kurasa za mwisho ndipo zile hati za kale ambazo vizazi kadhaa vya ukoo vimehangaika nazo zinasomeka hatimaye, na tunajua zilikuwa zinasimulia nini. Aliyesoma sura ya kwanza peke yake ameona barafu na Wajipsi, basi. Kisha mtihani unamtaka ajadili dhana ya wakati katika riwaya hiyo, naye anajadili, na anapata alama nzuri. Mimi nilipata. Riwaya yenyewe niliisoma miaka minne baadaye na nikaona haya.

Jambo jingine la kukagua ni orodha yenyewe, maana orodha haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1827 mwandishi Mjerumani Goethe alimwambia msaidizi wake Eckermann kwamba zama za fasihi ya ulimwengu zimekaribia, na alisema hivyo akiwa ametoka kusoma riwaya ya Kichina. Hata hivyo, kwa muda mrefu baada yake ulimwengu wa vyuo vingi uliishia Ulaya na Marekani. Mwaka 1968, katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwe kitovu ambacho fasihi nyingine zitasomwa kutokea hapo. Hoja yao ilihusu mpangilio, yaani nani yuko katikati na nani yuko pembeni, zaidi ya kuongeza jina moja au mawili mwishoni mwa orodha.

Kipimo chao bado kinafaa. Chukua muhtasari wa kozi na utafute mwandishi wa kwanza wa Asia au Afrika. Ikiwa hatokei hadi mwaka 1958, riwaya ya kwanza ya Achebe ilipochapishwa, basi kozi hiyo inakufundisha kimyakimya kwamba watu wa huko walianza kuandika walipopata uhuru, au walipoanza kumjibu Mzungu. Tagore wa 1913 na Lu Xun wa 1918 wanatosha kuikanusha dhana hiyo. Kozi ya mapitio isiyowapa nafasi imekuuzia ramani yenye bara limefutwa, na ni heri uende kwenye vitabu vinne ambavyo angalau havijidai kuwa dunia nzima.

Semina ya vitabu vinne

Kwanza tuondoe dhana kwamba vinne ni vichache. Tuseme unasoma riwaya kwa kasi ya kurasa 30 kwa saa, kasi ya mtu makini asiyeruka mistari. Riwaya ya kurasa 300 itakula saa 10. Usomaji wa pili ni mwepesi kidogo, tuuwekee saa 8. Vitabu vinne ni saa 72, na katika muhula wa wiki 12 hizo ni saa 6 kila wiki kabla hujagusa makala hata moja ya uhakiki. Sasa geukia mapitio: waandishi 20, kila mmoja kwa wastani wa kurasa 60 za antholojia, ni kurasa 1,200, yaani saa 40, au saa 3 na dakika 20 kwa wiki. Aliyekimbilia vinne kwa kuogopa kusoma amekimbia mvua akaingia mtoni.

Saa hizo za ziada zinanunua nini? Mfano ninaoupenda ni semina inayoanza na riwaya ya mwaka 1942 ya Camus, Mfaransa aliyezaliwa Aljeria wakati wa ukoloni, kuhusu mtu aitwaye Meursault, kisha wiki tatu baadaye ikaleta riwaya ya Kamel Daoud, Mualjeria, iliyotoka mwaka 2013. Katika riwaya ya Camus, Meursault anamuua Mwarabu ufukweni. Mwarabu huyo hana jina. Ukisoma mara ya kwanza, uwezekano mkubwa ni kwamba hutaligundua hilo, kwa sababu usimulizi wote umepangwa usiligundue: jua, mchanga, jasho, na baadaye kesi ambayo inamhoji muuaji zaidi kuhusu mazishi ya mama yake kuliko kuhusu aliyeuawa. Daoud anampa msimulizi wake kazi moja, kuwa ndugu wa yule marehemu, na marehemu anapata jina: Musa. Ukirudi kwa Camus baada ya hapo, unasoma kitabu kingine. Hakuna herufi iliyobadilika, ila sasa kila mara neno "Mwarabu" linapotokea unalisikia.

Kozi ya mapitio inaweza kukupa taarifa hiyohiyo kwa sentensi moja: Daoud alimjibu Camus. Utaiandika kwenye daftari, utaikumbuka kwenye mtihani. Lakini kupewa taarifa kwamba hukuona ni tofauti na kujikamata mwenyewe ukiwa hukuona, na la pili haliji bila kusoma mara mbili.

Semina nyingine za aina hii hujengwa kwa pembetatu. Conrad aliandika kisa chake cha safari ya mto Kongo mwaka 1899. Tayeb Salih wa Sudan akageuza safari mwaka 1966, akampeleka mtu wake kaskazini na kumrudisha kijijini kando ya Nile. Achebe, katika mhadhara wa mwaka 1975 kule Massachusetts, akamshutumu Conrad waziwazi kuwa mbaguzi. Hapo kuna wiki tisa za kubishana, na mabishano yenyewe hayana pa kujificha: katika chumba cha watu kumi na watano, asiyesoma anajulikana kabla ya kufungua mdomo.

Kasoro za semina nazo si ndogo. Ukikichukia kitabu cha pili, utaishi nacho wiki tatu kama mgeni asiyeaga. Uteuzi wa vitabu vinne hutegemea sana anachopenda mhadhiri, au anachokiandikia tasnifu. Na ukitoka hapo ukakutana na mtu anayezungumzia ushairi wa Urusi wa karne ya 20, utabaki kutikisa kichwa. Shimo hilo ni kubwa, na halijazibwa na ujuzi wako wote wa Camus.

Suala la mfasiri

Kozi zote mbili zinasomwa kwa tafsiri, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kupita kiasi, wenzangu wananiambia. Muhtasari wa kozi unaotaja kitabu bila kutaja mfasiri wala toleo ni alama mbaya. Chukua sentensi ya kwanza kabisa ya riwaya ileile ya Camus, inayotaja kifo cha mama. Camus alitumia neno la Kifaransa ambalo mtoto humwitia mama yake. Stuart Gilbert, katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1946, akaweka neno rasmi, na Meursault akawa baridi tangu mstari wa kwanza. Matthew Ward, mwaka 1988, akaliacha neno la Kifaransa kama lilivyo, na mtu yuleyule akawa na kidonda ambacho hataki kukionyesha. Wanafunzi wawili wenye matoleo tofauti wanaweza kubishana saa nzima kuhusu tabia ya Meursault bila kujua kwamba wanabishana kuhusu Gilbert na Ward. (Kwa Kiswahili tatizo linageuka. Neno letu "mama" ni la mtoto na la mtu mzima kwa pamoja, la kuitia na la kutajia. Mfasiri wa Kiswahili angepata utata wa bure ambao wenzake wameutafuta kwa jasho, na angelazimika kuionyesha baridi ya Meursault mahali pengine.)

Mapitio hayana muda wa mambo haya. Wiki ya Kafka ikiisha, imeisha. Semina nzuri inaweza kutumia kipindi kizima kulinganisha aya moja katika tafsiri mbili. Ikiwa una mwelekeo wa kutafsiri au kuhariri siku za usoni, jambo hili peke yake linatosha kukuamulia. Uzito wa mfasiri si wa kubuni: Tuzo ya Kimataifa ya Booker, tangu mwaka 2016, hugawa fedha zake nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, na mshindi wa mwaka huohuo, riwaya ya Han Kang wa Korea Kusini iliyotafsiriwa na Deborah Smith, ilizua ubishi mrefu kuhusu mfasiri ana uhuru wa kwenda mbali kiasi gani.

Kuna pia mlango wa tatu ambao baadhi ya vyuo wanao, fasihi linganishi, ambako unatakiwa kusoma angalau matini fulani katika lugha yake ya asili. Ukiwa tayari unasoma Kifaransa, Kiarabu, Kireno au Kijerumani vizuri, uliza kama mlango huo upo kabla ya kusajili kitu kingine. Programu nyingi za uzamili na uzamivu katika uwanja huu hudai lugha zaidi ya moja, na kuanza mapema ni nafuu. Na usidharau lugha uliyonayo. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuweka vitabu viwili mbele yake na kuona kitu ambacho msomaji wa Kiingereza peke yake haoni: maneno ya Kiswahili ambayo katika maandishi ya Gurnah yamesimama kama wageni mlangoni, katika tafsiri yameingia ndani na kukaa, hayaonekani tena. Je, kitabu kimepoteza au kimepata? Hiyo ni mada ya insha ya kurasa ishirini, na iko mikononi mwako bila kujifunza lugha mpya.

Mitihani na alama

Nitapita haraka hapa. Mapitio hupima kwa mtihani wa mwisho, kutambua vifungu (nani kaandika, lini, kwa nini kina maana) na insha fupi fupi. Darasa likiwa kubwa, maoni utakayopata kwenye insha yako ni mistari miwili. Semina hupima kwa uwasilishaji na insha moja ndefu, ambayo mara nyingi hupitia rasimu. Mwenye kumbukumbu nzuri na mkono wa haraka hung'ara kwenye ya kwanza. Anayehitaji wiki mbili kujua anachofikiria, kama mimi, aende kwenye ya pili.

Nani aende wapi

Ikiwa ulichosoma hadi leo ni vitabu teule vya sekondari, nenda kwenye mapitio. Nasema hivyo ingawa roho yangu iko kwenye semina. Mtu asiyejua kwamba kuna mto hawezi kuchagua pa kuvulia, na semina ya Camus na Daoud inamnufaisha zaidi aliyekwisha kusikia habari za ukoloni wa Kifaransa na za usasa kwenye riwaya. Ila fanya hila moja: mwanzoni mwa muhula chagua kitabu kimoja kwenye orodha, kitafute kizima nje ya antholojia, ukisome mara mbili, na insha zako zote zinazoruhusu ziandikie hicho. Hapo umejitengenezea semina ya kitabu kimoja ndani ya kozi ya ishirini.

Ikiwa umekwisha kuzurura mwenyewe, una orodha yako ya riwaya ulizosoma usiku bila kuamriwa na mtu, mapitio yatakuchosha kufikia wiki ya nne. Nenda kwenye vitabu vinne.

Anayetaka kuwa mwalimu wa fasihi hunipa taabu, na nimewahi kujibu tofauti kwa watu wawili katika siku moja. Mwalimu anahitaji upana ili ajue cha kuwapa wanafunzi wake. Lakini darasani hafundishi upana, anafundisha kitabu kilekile mwaka hadi mwaka, na asipojua kukisoma kwa mara ya tano kama kipya, atakauka. Wiki hii naegemea semina kwanza, mapitio mwaka unaofuata. Nadharia zenyewe hazisaidii kuamua, kwa sababu wanadharia wamegawanyika palepale. Franco Moretti alisema mwaka 2000 kwamba fasihi ya ulimwengu haiwezi kusomwa yote kwa ukaribu, hivyo tujifunze kuitazama kwa mbali. David Damrosch, mwaka 2003, alisema fasihi ya ulimwengu si rundo la vitabu, ni namna ya kusoma na namna vitabu vinavyosafiri. Wa kwanza angekutetea ukichagua mapitio, na wa pili angepata la kusema kwa kozi zote mbili.

Na mwenye masomo mengine mazito muhula huohuo, yenye maabara au mafunzo kwa vitendo, arudi kwenye ile hesabu ya saa 6 dhidi ya saa 3 na dakika 20 na awe mkweli. Semina iliyosomwa mara moja ni mbaya kuliko mapitio, kwani umepata vitabu vinne na hukupata kile kilichofanya viwe vinne.

Kabla ya kusajili, omba muhtasari kamili, si ule wa aya moja kwenye kijitabu cha chuo. Tafuta kama riwaya zinasomwa nzima au kwa vipande. Tafuta majina ya wafasiri. Kisha usitazame wiki ya kwanza, ambayo kila mhadhiri huipamba. Tazama wiki ya nane na ya tisa, ambako insha zinadaiwa na mitihani ya kozi nyingine imekaribia, na uone siku hizo umepangiwa kurasa ngapi. Ukikuta hapo kuna riwaya ya kurasa 500 ya kusomwa kwa siku saba, muulize mhadhiri kama inawezekana kuianza mapema. Atakavyokujibu kutakuonyesha mengi kuhusu kozi hiyo.